Sira ya Kuombea Kazi Nizwa

Siku niliyomwambia mama kwamba ninaandika sira yangu, aliacha kupepeta mchele akaniangalia kama mtu aliyesikia tusi.

"Sira?" akasema. "Sira ni ya Mtume, sala na salamu zimshukie. Wewe una nini cha kuandikiwa sira?"

Nikamweleza kwamba hapa Oman, ukitaka kazi ya maana, unapeleka karatasi mbili. Ya kwanza huitwa sira dhatiya: umezaliwa lini, umesoma wapi, umefanya kazi gani. Ya pili ni barua, na hiyo inaeleza kwa nini wewe ni bora kuliko wote wengine walioomba.

"Uandike mwenyewe kwamba wewe ni bora?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa taipu."

Akarudi kwenye ungo wake. "Kizuri chajiuza," akasema, "kibaya chajitembeza." Huo ndio ulikuwa msaada wa kwanza niliopata.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya themanini, na mimi na mama tulikuwa mwaka wa tatu Ibra, nyumbani kwa ami, kaka yake marehemu baba. Ami aliwahi kukaa Unguja ujanani, akarudi zamani kuangalia mitende ya wazee, na Kiswahili chake kilikuwa bado kile cha siku zile, safi na cha kuamrisha. Alitupokea vizuri, Mungu amlipe. Unguja nilikuwa nimesomesha skuli miaka sita. Ibra nilikuwa mpishi. Nyumba ilikuwa na watu kumi na wawili, na wote waliamini kwamba mwanamke aliyesoma hupika vizuri zaidi.

Tangazo aliniletea shoga yangu. Kwao walitoka Bujumbura, wakaja kukaa kichochoro cha pili kutoka kwetu, na yeye alikuwa mpiga taipu kwenye kampuni moja Maskati, akirudi Ibra kila Alkhamisi na viatu vipya. Alikuja na ukurasa wa gazeti umekunjwa mara nne. Ofisi mpya ya kuchimba visima, Nizwa, ilitaka mkuu wa kumbukumbu: mtu wa kupanga mafaili, anayejua Kiingereza, Kiarabu na taipu, mwenye cheti na uzoefu wa miaka mitano. Nafasi ilikuwa moja.

"Hii ya kwako, dia," akasema. "Lakini wataaplai watu wengi. Lazima barua iwe na nguvu."

Nikaandika barua ile ile niliyofunzwa skuli na walimu waliofunzwa na Waingereza. Nilianza kwa kuomba radhi kwa kumchukulia bwana mkubwa wakati wake, nikaendelea kwa unyenyekevu mwingi, nikamaliza kwa kutia sahihi kama mtumishi wake mtiifu. Shoga yangu akaisoma mpaka mwisho.

"Unaomba kazi," akaniuliza, "au unaomba msamaha?"

Akaichukua sira yangu akaanza kuitengeneza. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi, alisema. Siri iko kwenye vitenzi. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba nilisomesha darasa la tatu. Yeye akaandika kwamba niliongoza kitengo cha elimu ya watoto. Nilikuwa na ufunguo wa kabati la madaftari: nikawa nimesimamia hifadhi ya nyaraka. Siku mbili tatu mwalimu mkuu alipokuwa na homa nilipiga kengele badala yake, na hapo nikawa nimekaimu uongozi wa skuli. Alipomaliza nikaisoma karatasi ile, na kwa kweli nilitamani kukutana na mwanamke huyo. Angenifaa sana kwa ushauri.

Tukakwama kwenye miaka mitatu ya Ibra.

"Andika ulikuwa Kuwait," akasema.

"Sijafika Kuwait."

"Nani atakwenda kuuliza?"

"Na wakiniuliza Kuwait kukoje?"

"Sema joto."

Sikuweza. Si kwamba nilikuwa mkweli kuliko watu. Niliogopa tu kushikwa. Nikaandika kwamba miaka mitatu nimekaa nyumbani, nawasomea majirani barua zao na kuwaandikia majibu. Jambo lenyewe lilikuwa la kweli. Wanawake wa mtaani waliniletea kila karatasi iliyoingia nyumbani kwao: kadi za hospitali, barua za watoto walioko Misri masomoni, hati za viwanja, mpaka karatasi za dawa. Nilikuwa na sanduku la bati lililojaa nakala za mambo ya watu, kila nyumba na bahasha yake. Shoga yangu akaguna. "Hiyo si kazi. Hujalipwa."

Nikaiacha hivyo hivyo.

Kisha kikaja kikwazo cha jina. Kwenye cheti changu cha skuli nilikuwa na majina matatu, langu, la baba na la babu, kama kila mtu wa Unguja. Kwenye pasipoti ya Oman karani alikuwa ameongeza jina la kabila mwishoni, na mwaka wa kuzaliwa akauweka alioupenda yeye. Kwa hiyo mwenye cheti alikuwa mtu mmoja na mwenye pasipoti mtu mwingine, tena mdogo kwa miaka miwili. Ami akasema hilo litakwisha kwa wali. Tulipofika Oman mara ya kwanza na kuambiwa twende kwa wali, mama aliuliza kama ni wali wa nazi. Safari hii alikuwa keshajua kwamba ndiye liwali. Tukaenda. Ami akaja na wazee wawili aliowakuta njiani, na wazee hao, ambao walikuwa hawajaniona hata siku moja, wakashuhudia mbele ya mkubwa kwamba mimi ni mimi. Mmoja alishuhudia huku akimwangalia mama.

Nikadhani kazi imekwisha. Nilitaipu sira kwa Kiingereza kwenye mashine ya shoga yangu, na ya Kiarabu nikaiandika kwa mkono, pole pole, maana Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani: niliweza kusoma kila kitu na kuelewa robo. Ami akaomba aione. Akavaa miwani, akasoma, akageuza karatasi kutazama kama nyuma imeendelea.

"Uko wapi wewe humu?" akauliza.

"Humo humo, ami."

"Naona skuli. Naona taipu. Baba yako simwoni. Babu yako simwoni. Mtu akisoma hii atajuaje wewe nani?"

"Hawataki kujua mimi nani, ami. Wanataka kujua naweza nini."

Akaniangalia kwa huruma, kama ninavyowaangalia leo vijana wanaoniambia mambo. "Binti yangu," akasema, "atakayekwambia anataka kujua unaweza nini, anataka kujua wewe nani." Akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Posta, alisema, atakwenda yeye mwenyewe. Kesho yake nilimwona amekaa sablani, pale chumbani anapopokea wageni, anaibandika bahasha kwa utulivu mkubwa. Nilimshukuru kwa msaada wake.

Baada ya wiki nyingi za kukaanga vitunguu, jibu likaja: niende Nizwa nikaonane na wakubwa. Mwanamke hawezi kwenda Nizwa peke yake, kwa hiyo ami akaja. Tulichukua taksi alfajiri, tukateremka mpaka njia panda ya Bidbid, tukapanda tena kupita Izki, na njia nzima ami alimwelezea dereva nani alioa wapi katika kila kijiji tulichokipita. Tulipofika dereva alikuwa amechoka kuliko gari.

Ofisi ilikuwa nyumba mpya ya saruji, iliyokuwa bado inanuka rangi. Ndani walikaa watu kama thelathini, wanaume watupu isipokuwa mimi na msichana mmoja aliyekuja na baba yake na kaka zake wawili. Karibu yangu alikaa kijana mwenye mkoba wa ngozi. Aliufungua mara tatu bila kutoa kitu, kisha akatoa sira yake ili niione. Ilikuwa na kurasa tisa, imetiwa jalada la plastiki.

"Yako kurasa ngapi?" akaniuliza.

"Mbili."

"Ah," akasema, kwa upole wa mtu anayempa mwenzake pole ya msiba.

Nikaitwa. Meza ilikuwa na watu watatu. Mkuu wa ofisi alikuwa mtu wa makamo kutoka upande wa Al Hamra, kilemba chake kimefungwa barabara. Kushoto kwake alikaa mhandisi wa Kiingereza, mwekundu kwa jua. Kulia alikaa Msudani wa utumishi, na kalamu yake. Mwingereza alikuwa na karatasi zangu mbili za taipu. Mkuu alikuwa na karatasi nne ambazo sizijui, ila mwandiko niliujua.

"Hii umeandika wewe?" akauliza.

"Hapana, bwana. Ami yangu."

"Nilidhani," akasema, akaanza kusoma kwa sauti.

Ami alikuwa ameanza na babu wa kumi na moja. Alieleza ni nani aliyechimba falaji yetu, mfereji unaonywesha mitende, na nani aliyegombana kwa ajili yake. Alieleza mzee gani alipatanisha vijiji viwili, na mzee gani aliondoka kwenda Unguja na kwa sababu gani, na sababu yenyewe haikuwa ya kupendeza. Yalipita mashamba ya karafuu, ndoa, mazishi, watoto waliorudi na waliobaki. Katika ukurasa wa nne, mstari wa mwisho kabisa, chini ya salamu, kulikuwa na maneno haya: "Na binti huyu anajua kupiga taipu."

Msudani alikuwa anajikohoza kwenye kitambaa chake. Mimi nilikuwa naangalia mikono yangu, nikipanga maneno ya kumwambia ami njiani, na masafa ya kutoka Nizwa hadi Ibra niliona yatanitosha.

Lakini mkuu hakucheka. Alikuwa ameweka kidole kwenye ukurasa wa pili.

"Huyu babu wa sita," akasema, "ndiye aliyekataa sulhu ya maji?"

"Sijui, bwana."

"Hujui?" Akashangaa kuliko kama ningesema sijui kusoma. "Ami yako yuko wapi?"

"Nje, kivulini."

Ami akaitwa. Akaingia na fimbo yake, akasalimiana na mkuu kwa ile salamu isiyokwisha, habari juu ya habari, khabari ya kwenu, ya kwetu, ya mvua. Wakakaa. Kahawa ikaletwa, tende zikaletwa. Babu wa sita akajadiliwa, kisha wa tano, kisha mama yake wa tano, ambaye ikatokea alikuwa mtu wa kwao mkuu. Mimi, mwombaji kazi, nilikaa kando nimeshika kikombe. Hakuna aliyeniuliza kitu kwa muda wa kutosha kupika biriani.

Mwingereza hakuwa akielewa neno. Mwishowe alichoka, akavuta kiti chake karibu yangu, akaniuliza kwa lugha yake, "Miaka hii mitatu ulikuwa unafanya nini hasa?"

Nikafikiri juu ya Kuwait. Nikamwambia nilikuwa napika. Na baada ya kupika, nawatunzia watu karatasi zao.

"Unazitunza vipi?"

Nikamweleza: kila nyumba na bahasha yake, na juu ya bahasha sikuandika jina la mtu peke yake, kwa sababu mtaani kwetu jina moja lina watu kumi na mmoja. Niliandika baba, babu, na mtaa. Akasimama, akatoka, akarudi amekumbatia katoni kubwa. Ndani mlikuwa na kadi za watu walioomba kuchimbiwa visima au kutiliwa pampu, zimeandikwa kwa Kiingereza na makarani watatu tofauti, na kila karani alikuwa na njia yake ya kusikia Kiarabu. Karani wa mwisho, alisema, alikaa nazo wiki mbili, akaomba likizo, hakurudi tena.

Meza ilikuwa imejaa kahawa na mababu. Nikazimwaga kadi sakafuni, nikapiga magoti na buibui langu, nikaanza kuzipanga kwa baba, babu na kijiji. Jina lile lile liliandikwa mara kwa s moja, mara kwa s mbili, mara kwa y, mara bila chochote. Nilikuwa na uzoefu na jambo hilo; mimi mwenyewe nilikuwa watu wawili mpaka juzijuzi tu. Ami aliposhusha kikombe chake cha mwisho na kukitikisa, ishara kwamba ametosheka, mimi nilikuwa nimefika nusu ya katoni, na nilikuwa nimegundua kwamba watu tisa waliokuwa kwenye kadi zile walikuwa mtu mmoja. Alikuwa na kisima kimoja, na alikuwa keshaahidiwa pampu tisa.

Mwingereza alizichukua zile kadi tisa akaziangalia moja moja. Masikio yake yakazidi uwekundu.

Nikarudi Ibra nimefurahi. Yale maneno niliyompangia ami sikuyatoa. Nilimwacha anieleze tena habari za mama yake babu wa tano.

Barua zilikuja mbili siku moja. Yangu ilikuwa na mistari mitatu: tunakushukuru, tunasikitika, tunakutakia kila la kheri. Jina langu lilikuwa limekosewa. Ya pili ilikuwa ya ami. Ofisi ingeona fahari kubwa kama angekubali kuwa mshauri wake katika mambo ya vijiji na ugomvi wa maji, kutokana na elimu yake kama inavyoonekana kwenye sira yake.

Ami akaisoma kwa sauti mbele ya nyumba nzima. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Haya," akaniambia alipopata pumzi, "ami yako keshapata kazi. Wewe kaanue nguo."

Nikaenda nikaanua nguo, kisha nikaingia jikoni nikalia, na sikulia kidogo. Naweza kufanya mzaha leo, lakini siku ile niliona kwamba mlango ulikuwa mmoja na umefungwa, na kwamba nitakaanga vitunguu vya watu kumi na wawili mpaka nife. Ami akaja. Hakuwahi kuingia jikoni mle, hata hakujua pa kukaa. Akakaa juu ya gunia la mchele.

"Nimekuharibia?" akauliza.

"Hukuniharibia, ami. Umepata kazi. Mabruk."

"Mimi sikuomba kazi."

"Ndiyo maana umepata."

Akaanza kuokota punje za mchele sakafuni, moja moja. Alikuwa mtu wa kauli nyingi, na kumwona hivyo kulinitia huzuni zaidi. Baadaye akasema, "Nilitaka tu wajue unatoka kwa watu." Nikajua ni kweli, na kwamba kwa akili yake alikuwa amenipa kila alichonacho.

Alikataa kazi ile. Alisema hawezi kuamka kwa saa ya mtu mwingine na mitende inamngoja. Aliwajibu kwa heshima, kurasa tatu, na hakunitaja, kwa sababu kuomba mara ya pili ni aibu. Nami sikumwomba anitaje.

Miezi minne ikapita. Asubuhi moja mtu wa ofisi ya wali akaja kugonga: kuna simu kutoka Nizwa, na anayetakiwa ni yule binti aliyekaa sakafuni. Nikaenda. Alikuwa Msudani. Akaniuliza kama naweza kuanza Jumamosi.

"Na mkuu wa kumbukumbu?" nikauliza.

"Ameondoka."

Kumbe kazi walimpa yule kijana wa kurasa tisa. Alikuwa ameongoza, amesimamia na amekaimu kila kitu kinachoweza kuongozwa baina ya hapa na Beirut, na miezi ile minne alikuwa amezipanga kadi zote za visima kwa rangi. Siku moja Mwingereza aliomba kadi ya kijiji kimoja, akaulizwa ni ya kijani au ya manjano.

Nilihamia Nizwa na mama, kwenye nyumba ndogo nyuma ya soko, ami akatuletea magunia matatu ya tende kama vile tunakwenda nchi isiyo na mitende. Mama alilalamikia baridi ya Nizwa mwaka mzima. Mshahara wangu wa kwanza alinunulia godoro jipya na blanketi mbili, akaacha kuniuliza nitaolewa lini kwa muda wa wiki sita.

Wiki ya kwanza nilikuta kwenye droo faili la maombi yangu mwenyewe. Juu yake Msudani alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: "Mwombaji hana uzoefu wa uongozi. Ami yake anao." Nikamwonyesha. Hakuona haya hata kidogo.

"Si kweli?" akaniuliza.

Nikalirudisha faili mahali pake, chini ya jina la baba, la babu na la mtaa. Kisha akaniletea kazi yangu ya kwanza rasmi. Ofisi ilikuwa imetangaza nafasi ya dereva, dereva amepatikana, na waliokosa wanangoja majibu. Nilikaa kwenye taipu nikamwandikia wa kwanza barua ya kibinadamu: kwamba anaendesha vizuri, ila aliyechukuliwa anajua pia kutengeneza injini, na kwamba akijifunza injini aombe tena. Mkuu akaisoma, akaikata kwa kalamu nyekundu kuanzia mstari wa pili.

"Andika tunasikitika," akasema.

Nikaandika tunasikitika, mara thelathini na saba, na kila jina nililiandika sawasawa.